Ua la Elfu Tano, Chungu cha Elfu Ishirini

Jumamosi moja ya mwezi wa pili, jua la kaskazi likiwa limekwisha kukausha kila kisichomwagiliwa, nilisimama kwenye kitalu cha kando ya barabara Mikocheni. Nilitaka ua moja tu la sebuleni. Kijana muuzaji akanionyesha waridi jekundu lililochanua kwenye kiriba cheusi.

"Dada, hili elfu tano. Halina usumbufu, wewe mwagilia asubuhi na jioni."

Nikalipa. Kwa kuwa kiriba sebuleni ni aibu, nikapita dukani nikanunua chungu cha kauri kwa elfu ishirini. Udongo elfu tatu, bajaji elfu nne. Siku ya kumi na mbili waridi lilikuwa kijiti. Nilipoling'oa sikukuta mzizi hata mmoja. Lilikuwa tawi lililochomekwa udongoni siku chache kabla sijafika, likachanua kwa akiba iliyobaki shinani. Nikabaki na chungu kizuri kitupu na hasara ya elfu kumi na mbili.

Tangu siku hiyo, miaka mitatu sasa, nina daftari la maua. Ninaandika nililolipa, tarehe, na siku lilipokufa au lilipozaa. Bei nitakazozitaja ni zangu, za Dar es Salaam, baada ya kuombana sana kupunguziwa. Kwako zinaweza kuwa juu au chini. Lakini daftari limenifundisha swali la kuuliza: ua hili litanigharimu kiasi gani kwa kila mwezi litakaokaa likipendeza? Ukiuliza hivyo, kilicho rahisi na kilicho ghali hubadilishana viti.

Nianze na maua ya plastiki, maana ndiyo yanayoongoza kwa wingi katika sebule nizijuazo. Shada langu la Kariakoo lilikuwa la elfu ishirini na tano. Niliambiwa nitanunua mara moja basi. Kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni lilidumu miezi kumi na minne, kisha nyekundu ikageuka rangi ya chai ya maziwa na majani yakaanza kukatika yenyewe. Hiyo ni chini ya elfu mbili kwa mwezi, na sitamcheka mtu kwa hesabu hiyo. Kwa korido isiyo na dirisha, au kwa anayesafiri nusu ya mwaka, plastiki ni jibu la haki. Shida yake kwangu ni kwamba ua lisilobadilika jicho huacha kuliona. Baada ya miezi miwili nilikuwa nalifuta vumbi kama ninavyofuta runinga.

Maua ya kukata ndiyo ghali kuliko yote, na si kosa la muuzaji. Waridi hupenda baridi ya usiku. Ndiyo maana mashamba yake makubwa yako Naivasha nchini Kenya, mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, na huku kwetu upande wa Arusha, hasa kuelekea Usa River. Shina linakatwa kwenye ubaridi, linasafiri kutwa nzima, kisha linatua kwenye joto la pwani. Shada langu la mashina kumi nililinunua elfu kumi na tano, nalo katika sebule isiyo na kiyoyozi linadumu siku tano, sita nikiwa na bahati. Ukitaka chombo kisikae kitupu, ni shada moja kila wiki: elfu sitini na tano kwa mwezi, laki saba na elfu themanini kwa mwaka. Pesa hiyo inatosha kujaza nyumba mimea ikabaki ya kupaka ukuta rangi.

Basi mimi hununua maua ya kukata kwa siku yenye sababu, na nikishanunua nayabembeleza. Ukifika nyumbani kata ncha ya shina kwa mshazari kwa kisu kikali. Ondoa kila jani litakalozama, maana likioza linaozesha maji. Badilisha maji kila baada ya siku mbili. Kijiko cha sukari na matone mawili ya jiki husaidia, sukari kwa kulisha ua na jiki kwa kuua bakteria wanaoziba shina. Wala usiweke chombo karibu na ndizi zinazoiva: gesi inayotoka kwenye matunda mabivu huharakisha ua kunyauka. Kama muuzaji ana krisanthemu, chukua hizo badala ya waridi, kwani hukaa muda mrefu zaidi. Na kama uani kuna krotoni, matawi matatu ndani ya chupa ya juisi yanaweza kukaa wiki kadhaa, bila senti. Wageni wangu wamewahi kuuliza niliyanunua wapi.

Sasa mimea ya chunguni, ambayo ndiyo iliyonila pesa na ndiyo iliyozirudisha.

Wa kwanza kwenye daftari langu ni sansevieria, yale majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye kingo za njano. Nililipa elfu nane kwa mche, elfu sita kwa chungu cha udongo wa kufinyanga, elfu tatu kwa udongo. Elfu kumi na saba kwa miezi thelathini na sita ni chini ya shilingi mia tano kwa mwezi, nayo imezaa watoto watano niliowagawa. Inavumilia kiza cha korido na kusahauliwa wiki tatu. Ikimwagiliwa asubuhi na jioni, kama nilivyoagizwa kwa lile waridi, inaoza kabla ya mwezi kwisha. Kuna jambo moja wauzaji wengi hawalisemi. Ukikata jani lenye kingo za njano ukalipandikiza, mche utakaotoka utakuwa wa kijani kitupu. Ukitaka njano ibaki, gawa shina la chini pamoja na mizizi yake. Kwa hiyo mche wa njano kustahili bei ya juu kidogo ni haki, ule wa kijani si haki.

Wa pili ni ule wenye majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ambao vitaluni wanauita ZZ. Muuzaji mmoja alinitajia elfu thelathini na tano, akaongeza, "Huu ni wa nje, dada, si wa hapa." Nilicheka kimoyomoyo. Jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, na kwao ni Afrika Mashariki na Kusini, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, Zanzibar ikiwemo. Ni wafanyabiashara wa Uholanzi walioanza kuuzalisha kwa wingi kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, na dunia ikaujulia huko. Nikaupata kwa elfu kumi na nane. Unakua polepole mno, na hiyo ndiyo sababu ya kweli ya bei yake: jani moja ukilipandikiza huchukua miezi kufanya kiazi kidogo chini ya udongo kabla hujaona chochote juu. Ukiwa na subira, omba jani kwa jirani. Huna subira, lipa.

Pothosi, ule utambaao wenye majani ya umbo la moyo, sidhani kama ni wa kununua. Kipande chenye vifundo viwili kikitiwa kwenye chupa ya maji kinatoa mizizi ndani ya wiki mbili tatu. Nyumba tatu kwenye ghorofa yetu zina pothosi, na zote zimetoka kwenye chupa moja.

Nikitaja chupa za maji sina budi kutaja mbu. Aedes, anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji safi yaliyotulia, na Dar es Salaam imeshaonja milipuko ya dengi, ukiwemo wa mwaka 2014 na ule wa 2019. Maji ya chupa yamwage kila baada ya siku tatu, uisugue ndani kwa sababu mayai hung'ang'ania ukutani. Kisahani kilicho chini ya chungu kijaze mchanga ili maji yasisimame. Hii ni gharama isiyoandikwa kwenye risiti.

Nyingine ni ya wenye watoto wanaotambaa. ZZ, pothosi na difenbakia yenye majani ya madoadoa zina chembechembe zinazochoma mdomo na koo mtoto akitafuna. Utomvu wa waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo, ni sumu ambayo wawindaji wa eneo letu waliipaka kwenye mishale. Zuri sana barazani. Kwenye meza ya chini, hapana.

Halafu kuna maneno ya "mmea unaosafisha hewa," yanayoongeza elfu tano kwenye bei. Yalianza na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanyika ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa kabisa. Watafiti waliopitia upya majaribio ya aina hiyo mwaka 2019 walikuta kwamba ili mimea ifikie kazi inayofanywa na hewa ya kawaida inayoingia na kutoka ndani ya nyumba, ungehitaji mimea kumi au zaidi kwa kila mita moja ya mraba. Hapo hakuna pa kuweka kochi. Fungua dirisha.

Kuhusu vyungu nina msimamo, tena mkali: chungu kisizidi mara mbili ya bei ya mmea kabla mmea haujamaliza miezi sita hai. Kauri isiyo na tundu chini ni bakuli la kuozeshea mizizi, hata ikiwa na dhahabu ukingoni. Itumie kwa nje tu, mmea ukiwa kwenye kopo lenye matundu ndani yake. Chungu cha udongo hupumua na hukauka haraka, kinamfaa mwenye mkono mwepesi wa kumwaga maji. Cha plastiki hutunza unyevu, kinamfaa msafiri, ila juani hupasuka baada ya mwaka mmoja au miwili. Poti la saruji ni imara na rahisi kwa umbo lake, lakini sisi wapangaji tunahama, na siku ya kuhama wabebaji walinidai elfu kumi kwa mapoti mawili ambayo niliyanunua elfu kumi na mbili yote. Niliwaachia walioingia. Ndoo ya rangi ya lita ishirini, iliyooshwa na kutobolewa kwa msumari wa moto, inashinda zote kwa bei. Aibu yake nitaifunika baadaye.

Udongo changanya mwenyewe: sehemu moja ya udongo mweusi, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Pumba za mpunga hulegeza udongo unaoshikamana. Maji yangu ni dumu moja la lita ishirini kwa wiki kwa vyungu saba, na maji ya kuoshea mchele yanaingia humohumo. Bomba likitoka ni kama bure. Likikatika na dumu likawa mia tano, ni elfu mbili kwa mwezi, na hapo ndipo utajua nani kati ya mimea yako ni mlevi.

Mwaka mzima sebule yangu haiko namna moja, wala siilazimishi. Jua la kiangazi ni la bogenvilia, ambayo ukiinywesha sana inakupa majani matupu, ukiibania maji inachanua kwa hasira. Masika ni ya kupandikiza. Kila kijiti kinashika, kwa hiyo ndio wakati wa kuomba kwa majirani badala ya kununua. Kipupwe, punguza maji. Joto likirudi na mvua za vuli, asumini linaanza kutoa vitumba. Desemba huna haja ya kununua pambo lolote, maana mikrismasi ya barabarani imewaka na tawi moja lililoanguka linatosha meza.

Kuna ua moja ambalo nimeshindwa nalo, na lilipaswa kuwa letu kuliko yote. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota milimani ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, akampelekea baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la familia hiyo, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, ambako wapenzi wake wana chama tangu 1946, na Wajerumani mpaka leo hulitaja kwa jina la Usambara. Mwaka huohuo wa 1893 mkonge, ambao asili yake ni Mexico, ndio ulikuwa unaletwa Tanga na Richard Hindorf. Tukatoa ua, tukapokea kamba. Ua lenyewe linataka ubaridi, kivuli na unyevu. Kwangu Sinza lilidumu wiki tano. Ila kama unaishi Lushoto, Arusha, Mbeya au Nairobi, ndilo la bei nafuu kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu jani moja likichomekwa udongoni hukupa mmea mzima. Tafuta la kuoteshwa. La porini liache, baadhi ya aina zake zimebaki chache kwa kukatwa misitu.

Nimefika kwenye sehemu ninayoipenda. Mama yangu, mtu wa Tanga, hajawahi kununua ua la pambo maishani mwake, na nyumba yake inanukia kuliko hoteli. Ana asumini la uani, mrehani kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na mlangilangi wa jirani unaoinama upande wake. Jioni kabla ya magharibi anachuma vitumba vya asumini vikiwa bado vimefumba, kwa sababu asumini hufunguka usiku. Anavitunga kwa uzi na sindano, anapachika rihani na vipande vya mlangilangi, anafunga kikuba. Kimoja kifuani, kimoja kwenye mto wa kulalia. Asubuhi vilivyonyauka havitupwi, vinaingia sandukuni kati ya kanga.

"Mama, hiki kingeuzwa elfu mbili mjini," nilimwambia likizo iliyopita.

"Mwanangu, nani atanunua harufu ya kwake mwenyewe?"

Wanaonunua wapo, nami nilikuwa mmoja wao. Kikuba cha kununua ni elfu moja mpaka mbili kwa usiku mmoja. Ukifanya hivyo kila Ijumaa unaweza kufika elfu nane kwa mwezi. Mche wangu wa asumini ulikuwa elfu tano. Nimeuweka roshani unakopata jua saa tano au sita, na kila ukimaliza kuchanua naukata ncha, kwani vitumba hutokea kwenye matawi mapya. Mwaka wa kwanza uliniletea vikuba vitano tu. Mwaka wa pili niliacha kuhesabu.

Kazi nyingine za mikono nimezijaribu, si zote zimefaa. Bogenvilia iliyokandamizwa ndani ya kitabu kizito kwa wiki mbili inakauka na rangi yake, kwa sababu zile zinazoonekana petali ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi. Nimezibandika kwenye kadi tano za harusi. Kadi moja ilinigharimu mia tatu. Waridi lililokandamizwa lilinitoka jeusi. Vifuu vya nazi vilivyotobolewa macho ni vitalu vya bure vya miche midogo. Bakuli la rihani kavu, mchaichai na karafuu chache linatosha chooni, nalo linapita zile dawa za kupuliza za elfu saba.

Na ile ndoo ya rangi? Kikapu cha ukili. Kariakoo nilikipata kwa elfu tisa, kimesukwa kwa ukindu uliotiwa rangi ya zambarau na kijani, nikaitumbukiza ndoo ndani yake juu ya sahani. Usisahau sahani, ukindu ukilowa unaota ukungu. Ukilinganisha na kauri ya elfu ishirini, una chombo kipana zaidi, chepesi siku ya kuhama, na pesa imekwenda kwa msusi. Kamba ya katani ya elfu mbili, ukijua kufunga fundo, inaning'iniza vyungu vitatu vya pothosi dirishani.

Ukiniuliza leo ufanye nini na elfu hamsini, nitakuambia hivi: sansevieria ya elfu nane, asumini elfu tano, mrehani elfu mbili, udongo na samadi elfu sita, ndoo mbili za rangi kwa fundi wa mtaani elfu nne, kikapu cha ukili elfu tisa, kamba ya katani elfu mbili. Hiyo ni elfu thelathini na sita. Pothosi omba. Elfu kumi na nne iliyobaki iweke mpaka siku ya mgeni, ununue maua ya kukata. Na kabla hujatoa noti kitaluni, geuza kiriba uangalie matundu ya chini. Usipoona mizizi midogo myeupe, kirudishe palepale ulipokitoa, hata kama ua limechanua vipi.